Bibi ana doa jeupe shavuni na hataki likatwe kipimo: tufanyeje?

Swali: Asalaam alaykum daktari. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika shehia yetu huku Pemba. Bibi yangu ana miaka 72 na anakula tambuu tangu alipoolewa. Miezi minne iliyopita niliona doa jeupe ndani ya shavu lake la kushoto. Kituoni walimpa dawa ya fangasi mara mbili, doa halikutoka. Haumwi, anakula vizuri, ila siku hizi pilipili inamchoma. Daktari wa meno alitaka kukata kinyama kwa ajili ya kipimo, bibi akakataa, kwa sababu jirani kamwambia saratani ikiguswa na kisu inaenea. Je, hii tayari ni saratani? Na kipo ninachoweza kufanya hapa hapa nyumbani, kwake na kwa wazee wengine ninaowatembelea?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu.

Nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Siwezi kukwambia kuwa ni saratani, na siwezi kukwambia kuwa si saratani. Hakuna daktari anayeweza kulitazama doa la namna hiyo kwa macho matupu akaapa. Ninachokwambia bila wasiwasi ni kwamba mengi ya madoa haya hayafiki kwenye saratani hata miaka ikipita. Machache hufika, na hayo machache hayaanzi kwa maumivu. Kwa hiyo kule kutoumwa kwa bibi, ambako nyumba nzima imekufanya ndiyo faraja, mimi sikuhesabu. Saratani ya kinywa huuma ikiwa imeshachimba. Kipimo kinahitajika, na nitaeleza kwa nini kisu kile hakina hatari aliyoambiwa.

Doa jeupe lisilofutika na lisilo na sababu nyingine inayojulikana tunaliita leukoplakia. Lina ndugu yake mwekundu, eritroplakia, doa jekundu laini ambalo huonekana mara chache lakini ndilo linalonitisha kuliko yote, kwani likikatwa kipimo, mara nyingi tunakuta seli zimeharibika vibaya au saratani imeshaanza. Pia lipo la mchanganyiko, jeupe lenye wekundu ndani yake, au lenye vijidonda na vijinundu. Ukiliona hilo kwa mzee yeyote, usisubiri wiki mbili za dawa ya fangasi. Mpeleke.

Kuhusu hiyo dawa ya fangasi, wenzako wa kituoni hawakukosea mara ya kwanza. Utando wa fangasi ni jambo la kila siku kwa wazee, hasa wenye kisukari, wenye meno bandia wanayolala nayo, na wanaotumia dawa zinazokausha mate. Utando huo ukiufuta kwa kitambaa safi kilicholowa maji, hutoka kama maziwa yaliyoganda na chini yake pakabaki pekundu. Leukoplakia haifutiki. Tatizo ni kwamba fangasi hupenda kuota juu ya leukoplakia pia, ndiyo maana kutoa dawa mara moja kunasaidia kusafisha ili tuone kilichobaki. Lakini kilichobaki baada ya dozi moja kamili hakihitaji dozi ya pili. Kinahitaji daktari wa meno. Hapo ndipo bibi yako alipopoteza muda, na naliona kosa hili mara nyingi mno: mzee anazungushwa na chupa za dawa ya fangasi miezi sita, kisha dawa ya kusukutua, kisha vitamini, na kila anayempokea anaanza upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia.

Kabla ya yote tazama kama shavu la kushoto linasuguliwa na kitu: jino lililovunjika lenye ncha, au meno bandia yaliyolegea. Msuguano nao huleta weupe. Sababu ikiondolewa, weupe huo hupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Na muulize tambuu huiweka upande gani. Nadhani najua jibu. Wanaokula tambuu wana pia utando wa rangi ya kahawia nyekundu shavuni, unaobanduka kwa kufutwa; huo ni madoa ya katu na vinginevyo, usikutishe. Mweupe usiobanduka chini yake ndio tunaoushughulikia.

Sasa hilo la pilipili. Umelitaja kama jambo dogo, lakini mimi ndilo lililonifanya nikae kitako. Mtu aliyekula pilipili maisha yake yote, kisha ikaanza kumchoma bila kidonda, na anatafuna popoo, ile kokwa ngumu inayofungwa ndani ya tambuu, namshuku ugumu wa mashavu unaoletwa na popoo. Nyama laini ya ndani ya kinywa hugeuka polepole kuwa kama kovu, ikapauka, ikakaza, mpaka mdomo ukawa haufunguki vizuri. Pitisha kidole chako kimoja tu ndani ya shavu lake, ukiwa umevaa glavu. Shavu zima huwa laini na hunyumbuka. Lenye ugonjwa huu utahisi kama kamba zimepita ndani, zikishuka kutoka juu kwenda chini.

Kisha mpime ufunguaji wa mdomo. Kwa mwenye meno ya mbele, mwambie aingize vidole vyake vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimesimama wima kimoja juu ya kingine. Vikiingia, vizuri. Vikiingia viwili tu, andika. Kwa asiye na meno ya mbele kipimo hiki hudanganya, kwa hiyo tumia uzi. Afungue mdomo mpaka mwisho wake, nyoosha uzi kutoka ufizi wa juu hadi wa chini, ukate, uubandike kwenye daftari lako na uandike tarehe. Baada ya miezi mitatu kata uzi mwingine, uulinganishe na ule wa mwanzo. Hakuna mashine inayoshinda uzi huo kwa mzee anayekaa mbali na hospitali.

Nije kwenye kisu. Jirani yenu hajatunga uongo, amesema alichokiona. Kwa miaka mingi watu wetu wamefika hospitali wakati shavu limeshatoboka au shingo imeshajaa tezi. Wakakatwa kipimo, wakafa baada ya miezi michache. Aliyetazama kwa nje aliona kisu kikitangulia na kifo kikifuata, akaunganisha. Ila ugonjwa ulikuwa umeenea siku nyingi kabla ya kisu. Kukata kipande kidogo kutoka kwenye doa la kinywani hakuigeuzi leukoplakia kuwa saratani na hakuisambazi saratani iliyopo. Kitendo chenyewe kipo hivi: sindano ya ganzi kama ile ya kung'olewa jino, kipande kinakatwa chenye ukubwa wa punje ya maharage au pungufu, nyuzi moja au mbili, robo saa hivi bibi ameshuka kwenye kiti. Atakula uji na vitu vya baridi siku mbili tatu, pilipili na moto aviache. Kinyama kinatiwa kwenye dawa ya kukihifadhi, kinapelekwa maabara, na majibu huchukua siku kadhaa au wiki. Muulize daktari tarehe kabla hamjaondoka, na uandike namba ya kipimo. Kipimo ambacho majibu yake hayakufuatwa ni sawa na ambacho hakikufanyika, na mzee ameumizwa bure.

Kama bibi anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aspirini ya kila siku, amwambie daktari wa meno. Asiziache mwenyewe. Siku hiyo ale na anywe dawa zake za presha na sukari kama kawaida, isipokuwa daktari amesema vingine. Nimewaona wazee wakianguka kwenye kiti kwa sababu walikwenda na njaa wakidhani ni kama operesheni.

Na bibi mwenyewe aambiwe. Najua mila yetu ya kumficha mkubwa habari nzito, wakaambiwa watoto barazani naye yuko ndani. Lakini kinywa ni chake, na aliyekataa kipimo ni yeye, kwa sababu habari aliyopewa ilitoka kwa jirani tu. Kaa naye kwa utulivu, wakati hamna wageni. Mwonyeshe doa kwenye kioo au kwa picha ya simu. Mwambie: "Bibi, hili linaweza kuwa si kitu, na linaweza kuwa mwanzo wa kitu. Tukijua leo, linaondolewa kwa ganzi. Tukichelewa, tutasafirishwa." Kama katika shehia yenu yupo mzee aliyewahi kukatwa kipimo akarudi salama, mwombe aje kuzungumza naye. Neno la mwenzake lina uzito kuliko langu. Akishaelewa yote na bado akakataa, usimburute. Endelea kumkagua, na rudi tena baada ya wiki chache.

Majibu yakija, njia hugawanyika. Kama seli hazijabadilika, au zimebadilika kidogo tu, kwa kawaida hatukimbilii kukata doa lote. Tunaondoa sababu na kulitazama kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kama mabadiliko ni ya kati au makubwa, ambayo kwenye karatasi yataandikwa displasia, tunashauri doa liondolewe, na mara nyingi hilo huwezekana kwa ganzi ya kawaida. Umri peke yake si sababu ya kukataa. Mtu wa miaka 80 mwenye ugonjwa wa moyo au sukari uliodhibitiwa huvumilia vizuri. Kama ni saratani, basi ni safari ya hospitali ya rufaa, na mara nyingi kutoka Zanzibar mtu huvuka hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi. Saratani ndogo ya kinywa iliyokamatwa mapema hutibika, tena vizuri.

Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha: hakuna kidonge kilichothibitishwa kuizuia leukoplakia isigeuke saratani. Vitamini A kwa kiwango kikubwa imejaribiwa. Doa hunywea, dawa ikisimamishwa doa hurudi, na dawa yenyewe kwa kiwango hicho huumiza kichwa na ini. Msiinunue. Na hata doa likikatwa lote, linaweza kuota tena pale pale au pengine, kwa hiyo mtu huyu hukaguliwa maisha yake yote. Hapa ndipo tiba inapohama kutoka hospitali kuja kwako. Daktari wa upasuaji atamwona bibi mara moja au mbili. Wewe unaweza kumwona kila mwezi.

Dawa za nyumbani? Kusukutua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu hakuna ubaya. Lakini kwenu Pemba najua kitakachopendekezwa kabla ya kingine chochote: mafuta ya karafuu. Yasipakwe. Yanaunguza nyama laini ya kinywa, na doa lililounguzwa hubadilika sura hata aliyelizoea asilitambue. Vivyo hivyo chokaa na spiriti.

Tambuu sasa. Watu wengi wanaamini kuwa kilicho kibaya ni tumbaku, kwa hiyo mzee akitoa tumbaku akabaki na jani, popoo na chokaa, familia inashukuru. Ni hatua, lakini haitoshi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo Lyon, Ufaransa, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka popoo yenyewe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, iwe na tumbaku au bila tumbaku. Tathmini hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Popoo ndiyo inayokaza mashavu, chokaa huchubua na kuongeza nguvu ya vilivyomo, tumbaku huleta sumu zake. Jani tupu silo ninaloliogopa.

Usimnyang'anye bibi kijaluba chake, kile kikopo cha kuwekea tambuu. Tambuu aliyokula miaka 50 haikuwa ladha tu. Ndiyo iliyomkalisha na shoga zake, ndiyo iliyompa la kumkaribishia mgeni. Anza na tambuu ya usiku. Wengi hulala nayo shavuni, na huo ndio muda mrefu kuliko wote ambao doa hulowa kwenye sumu. Hiyo iondoke kwanza. Kisha tumbaku ipunguzwe, kisha popoo, na kijaluba kibaki na jani, iliki na shamari. Siku za mwanzo za kuacha tumbaku atakuwa mkali, kichwa kitamuuma, usingizi utapaa. Waambie wa nyumbani wamvumilie, kwani hupita ndani ya wiki chache. Madoa mengi meupe hupungua, na mengine huondoka kabisa, mtu akiacha. Ule ugumu wa mashavu hauondoki, ila kuacha huuzuia usizidi, na mazoezi ya kufungua mdomo polepole mara kadhaa kwa siku husaidia.

Umeniuliza kama mhudumu unaweza kitu, na hapa nina jibu la kukupa moyo. Kuanzia mwaka 1996, katika wilaya ya Trivandrum, jimbo la Kerala, upande wa pili wa bahari hii yetu, ambako popoo na tambuu ni jadi kama kwetu, watafiti waligawa maeneo 13. Katika baadhi yake, wahudumu wasio madaktari, waliofundishwa kutazama kinywa, walipita nyumba kwa nyumba kuwakagua watu wa miaka 35 na zaidi. Mwenye doa la kushukiwa alipelekwa kwa daktari. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 miongoni mwa wanaotumia tumbaku au pombe. Kwa wasiotumia, faida haikuonekana wazi. Kwa hiyo usijichoshe kukagua kila kinywa cha shehia. Anza na wala tambuu, wavuta sigara, wabwia ugoro na wanywaji, hasa waliovuka miaka 50. Na wahudumu wale vifaa vyao havikuwa vya ajabu; walikuwa na mwanga, macho na mafunzo.

Ukaguzi ni dakika tano. Muweke mzee kwenye mwanga wa mlangoni, na tochi mkononi. Meno bandia yatoke, hili usilisahau, maana wanaona haya kuyatoa na ugonjwa hujificha chini yake. Nawa, vaa glavu. Tazama midomo nje na ndani, hasa wa chini kwa waliofanya kazi juani, na kwa wenye ualbino uangalie mara mbili. Mashavu yote mawili, fizi, kaakaa. Kisha ulimi: mshike ncha kwa kitambaa, uvute kushoto uone ubavu, uvute kulia uone ubavu wa pili, mpaka nyuma kabisa. Mwisho aunyanyue, utazame chini yake, pale mate yanapojikusanya. Pembeni na chini ya ulimi ndiko madoa yenye hatari zaidi hukaa, na ndiko wakaguzi wenye haraka hawafiki. Malizia kwa kupapasa shingo pande zote mbili. Piga picha kwa idhini yake, iweke mahali ambapo si kila mtu wa nyumbani ataiona. Kama kwenu wazee bado hukusanyika siku ya kupokea Pensheni Jamii, ile inayolipwa kwa wenye miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016, ongea na sheha upate kona yenye mwanga na faragha. Siku hiyo wote wapo, hawana haja ya nauli.

Anayetakiwa kwenda mara moja, bila kungoja dawa wala ukaguzi wa pili, ni huyu: mwenye kidonda kisichopona wiki mbili, doa jekundu au la mchanganyiko, uvimbe au sehemu iliyokuwa ngumu kama gamba chini ya kidole, jino lililolegea bila ugonjwa wa fizi, ganzi kwenye mdomo au kidevu, tabu ya kumeza au maumivu ya sikio upande mmoja, tezi ngumu shingoni isiyouma. Usimpe karatasi ya rufaa ukamwachia. Uliza nani atafuatana naye, nauli inatoka wapi, daktari wa meno yupo siku gani. Piga simu kabla, kwa sababu mzee aliyefunga safari akakuta daktari hayupo, safari ya pili haiendi.

Kwa bibi yako, wiki hii kata uzi wa kwanza, mtafute jino lenye ncha upande wa kushoto, piga picha ya doa na kitu cha kulinganisha ukubwa kama ncha ya kijiko, na muombe aache tambuu ya kulalia. Mazungumzo ya kipimo fanya baada ya hapo, akiwa ameshakuona unamshughulikia bila kumtisha. Akikubali, majibu yakitoka niandikie maneno kama yalivyo kwenye karatasi, bila jina lake, hata kama yameandikwa kwa lugha ngumu, nami nitakufafanulia mstari kwa mstari.